Ng'ombe wa Kumi na Mbili

Ukitaka kujua digrii ya saikolojia ni bei gani, usiende kuuliza chuo. Niulize mimi Lemayian, dalali wa mifugo soko la Bisil, maana niliilipia kwa kamba. Ng'ombe kumi na mmoja. Kila muhula ukikaribia, baba yangu, Mzee Ledama, alikuwa anaingia bomani, anaelekeza fimbo kwa mmoja, halafu anageuka asimwone akitoka. Mimi ndiye nampeleka. Na hao hawakuwa ng'ombe wa hivi hivi tu, walikuwa wale alionitengea nioe. Msichana niliyemtaka, Nalangu, alinisubiri miaka miwili, kisha akaolewa na mtu wa Kimana mwenye shamba la vitunguu. Sikumlaumu. Niliyemlaumu ni dada yangu Soipan, ndiye alikuwa anasoma.

Baba hakujua saikolojia ni nini. Alisikia ni mambo ya akili, akaamua mwenyewe. Sokoni aliambia kila mtu, "Binti yangu ni daktari wa akili." Soipan alipomaliza chuo, baba alisimama kanisani akaweka nadhiri: siku huyu mtoto atapata kazi ya masomo yake, atamtolea Mungu ng'ombe wa shukrani. Tukapiga makofi. Bomani walikuwa wamebaki tisa, na kazi tulidhani ni ya mwezi ujao.

Wapi! Miaka minne ikapita. Alipeleka barua kila mahali, na kila ofisi ilimwambia ile ile: shahada ya kwanza peke yake haitoshi, rudi usome tena. Akaishia kaunta ya supamaketi huko Kitengela, anapiga bei ya unga na sabuni. Halafu ukame ukatufagia. Alibaki Nado peke yake, yule mwekundu. Ndiye alikuwa chai yetu, na baba ana vidonda vya tumbo, maziwa ndiyo chakula chake.

Mwezi wa tatu baba akaniita. "Lemayian, peleka Nado sokoni. Soipan akisoma ile ya pili, atapata kazi."

"Na wewe, Papa, utakunywa nini?"

"Maji yapo. Nimejenga nyumba mpaka juu, nitaiacha bila mabati?"

Kesho yake asubuhi nilikuwa Kitengela. Nilimkuta Soipan akitoka zamu, bado amevaa aproni ya kijani. Hata salamu sikumpa. Pale pale kando ya duka nikamwaga yote. "Umekula ng'ombe kumi na mmoja, Soipan! Umekula mke wangu! Sasa imebaki Nado? Hiyo karatasi yako imeleta nini nyumbani? Hata kilo ya sukari haijaleta!"

Nilitaka anijibu tugombane, tumalizane. Yeye aliniacha niseme mpaka maneno yakaniisha. Kisha akasema polepole, "Ulimpenda sana Nalangu."

Mtu mzima nikalia, watu wanapita na mifuko yao ya shopping. Miaka hiyo yote hakuna mtu alikuwa ameniambia neno kuhusu Nalangu. Soipan alinishika mkono akangoja nimalize.

Ndipo akatoa simu, akampigia baba mbele yangu. "Papa, usiuze Nado. Nimepata kazi hospitali. Watanisomesha wao wenyewe." Nilisikia baba akimwita Yeyo, mama yetu, kisha Yeyo akaanza kuimba. Soipan akakata simu, akairudisha mfukoni mwa aproni. "Haya, Nado amepona," akasema. Na mimi mjinga nikamwambia asante.

Nadhiri tulikuwa tumeisahau, mimi na yeye. Baba hakuwa ameisahau hata siku moja.

Jumapili iliyofuata alimwosha Nado mwenyewe, akamfunga utepe mweupe shingoni. Soipan aliagizwa aje na joho lake la mahafali, akaja nalo. Nilimvuta nyuma ya kanisa. "Mwambie ukweli, Soipan, bado kuna nafasi."

"Mwangalie kwanza," akanijibu.

Nikamwangalia. Baba alikuwa anacheka na kila mtu, mzee ambaye tangu ukame hakuwa anasema maneno kumi kwa siku. Ee Mungu, nilishindwa kumwambia. Soipan naye alishindwa, na yeye ndiye alisomea.

Sadaka ya mifugo kwetu hupigwa mnada pale pale uwanjani kwa kanisa, na mnada huendeshwa na mtu anayejua bei. Mimi ndiye najua bei. Nikashika kamba ya Nado. Nimeuza ng'ombe miaka kumi na sauti haijawahi kunikatikia, lakini siku hiyo mchungaji alinipa maji mara mbili. Alinunuliwa na mfanyabiashara mmoja wa Kajiado, mwenye bucha. Baba akapiga makofi mpaka fimbo ikamwanguka. Soipan alikuwa amesimama kando yake na lile joho, akina mama wanamkumbatia, analia, wao wanadhani ni furaha.

Siku hizi Soipan anatutumia maziwa ya pakiti kwa gari la Namanga kila Jumatano. Anayanunua kaunta kwake, anajipigia bei mwenyewe. Amehama kile chumba chake cha mawe, anakaa cha mabati, na amekonda. Baba hafungui pakiti kabla ya kuwaonyesha wageni. "Mnaona? Mshahara wa daktari huu."

Wiki jana wageni walipoondoka, alinishika goti. "Lemayian, nilikukosea na wale ng'ombe wako. Nilijua kuhusu yule msichana. Lakini si unaona hawakupotea bure?"

Pakiti ilikuwa mezani, ameshaikata ncha.

"Naona, Papa," nikamwambia, nikammiminia kikombe.