Bahati Kachagua Kipa Kwanza

Wasee, nani huanza kujenga timu na golikipa?

Leo baada ya kanisa hapa Guildford, ughaibuni, chai ikiwa bado moto, tulianzisha draft. Kila mtu anajenga timu yake ya ndoto, tunachagua kwa zamu, na sheria ni moja: hakuna mastaa wa TV. Unachagua watu uliowahi kucheza nao tu.

Mimi nikamchukua binamu yangu wa Kisumu. Straika hatari (siku hizi ana kitambi, lakini tuyaache).

Njoroge akabeba winga wa shule yao.

Kisha Bahati, Mkongo wetu wa warehouse, akasema, "Mimi namuchagua Mapasi. Kipa."

Tulicheka jamani! Kwetu kipa ni yule anayebaki wote wakishachaguliwa.

"Mngoje raundi ya mwisho," nikamwambia. "Nani atakunyang'anya?"

Bahati akakoroga chai yake.

"Nilicheza naye kule kambi ya wakimbizi. Siku familia yao ilisafirishwa, mimi nilikuwa nimeenda kuchota maji. Sijue walipelekwa inchi gani."

"Sasa mbona umchague kwanza?"

"Kwa sababu munajua watu wengi. Nilitaka jina lake lisemwe wakati wote bado munasikiliza."

Draft ikaishia hapo.

Basi nauliza: nani anamjua Mapasi, kipa wa mashoto, anayepiga mluzi kabla ya kudaka penalti?

Sambazeni. Timu ya Bahati ina mchezaji mmoja tu, na bado hajui kwamba amechaguliwa.