Mrija wa Babu na Mbwa Aitwaye Transit

Desemba iliyopita nilipokuwa nyumbani Malaba, mpwa wangu alishusha mrija wa babu kutoka kwenye msumari ukutani, akaniuliza kama autupe maana umevunjika. Nilimnyang'anya upesi hata akashtuka. Umevunjika? Keti, rafiki yangu, nikusimulie. Mrija ule ulikatwa, na aliyeukata ni nyanya mwenyewe, mchana kweupe!

Siku hizo nyanya alikuwa na kibanda cha chai kando ya barabara, pale malori yanapopanga foleni kungoja kuvuka kwenda Uganda, na nyumba yetu ilikuwa nyuma yake tu. Nikitoka shule nilikuwa naosha vikombe, pua imejaa moshi wa dizeli na harufu ya chapati za moto. Kati ya magurudumu yale aliishi mbwa jike asiye na mwenyewe, mpole, aliyenenepeshwa na mabaki ya madereva. Alizaa ndani ya tairi bovu nyuma ya kibanda. Watoto hawajafungua hata macho, dereva mmoja aliyempenda akampakia kwenye lori, akavuka naye, bila kujua ameacha wadogo. Nilikwenda kumwaga maji ya vyombo nikasikia kitu kinalia mle tairini. Walikuwa watatu, lakini aliyekuwa hai ni mmoja.

Nilimtia ndani ya sweta ya shule, mbio hadi kwa nyanya. Sikufichi, moyo ulikuwa unaruka kwa furaha. Nina mbwa! Nyanya alimtazama kama anayetazama shilingi bandia.

"Huyo ni wa transit," akasema. Ni neno lililoandikwa kwenye malori yote pale foleni. "Anapita tu. Na kwa nyumba yangu mbwa haingii."

Transit likawa jina lake hapo hapo.

Na aliingia! Nyanya huyo huyo alimtandikia matambara ndani ya chungu kikuukuu chenye ufa, akakiweka karibu na jiko apate joto. Akanifundisha kumpangusa tumbo kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu ili akojoe, kama ambavyo mama yake angemlamba. Mara ya kwanza aliponikojolea mkononi nilipiga vigelegele, jirani akaja kuuliza nani amezaa.

Shida ilikuwa kunywa. Maziwa ya mbuzi tulikuwa nayo. Tulijaribu kijiko, maziwa yakamtokea puani. Kitambaa hakukinyonya. Ganda la kalamu likamchubua ufizi. Siku ya pili sauti yake ilikuwa imebaki nyembamba mno, nami nilikataa kula, nikamwambia nyanya kwamba Transit akifa sioshi kikombe tena maishani. Nyanya alipenda kusema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu asubuhi aliinuka, akaenda ukutani.

Lazima uelewe mrija ule ulikuwa nini. Kwetu Wateso, ajono, pombe yetu ya wimbi, hunywewa kwa mirija mirefu, wazee wameketi kuzunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake. Wa babu ulikuwa umetundikwa pale tangu azikwe, na sisi watoto tulikuwa hatuugusi hata kwa ufagio. Nyanya aliushusha, akaupangusa kwa leso, akachukua kisu cha vitunguu na kukata upande wa mdomoni, kipande cha urefu wa kidole. Sehemu ile ilikuwa laini kabisa, imelainishwa na mdomo wa babu miaka yote ile.

Akakichemsha, akakichovya kwenye maziwa, akaziba tundu la juu kwa kidole, akaingiza ncha mdomoni mwa Transit, kisha akaachia kidogo. Tone. Akameza! Tone jingine. Akameza, akanyoosha shingo kutafuta zaidi! Haba na haba hujaza kibaba, na kitumbo kile kikajaa mbele ya macho yangu. Niliruka nikaangusha sufuria nzima ya chai, na nyanya hakunigombeza.

Mchana akaja mzee wa jirani, aliyekuwa akinywa na babu siku zote. Akaona mrija umefupishwa, akasimama mlangoni.

"Mama, umekata mrija ya mzee?"

"Mrija ni ya kukunywa," nyanya akajibu bila kuinua kichwa. "Si huyu anakunywa?"

Mzee akaingia hadi jikoni. Nilimkumbatia Transit nikijua leo tunafukuzwa sote wawili. Kisha mzee akavuta kigoda, akachungulia yale matambara, akaanza kucheka hadi akajifuta machozi.

"Basi huyu ni mwenzetu," akasema. "Ako kwa chungu tayari!"

Transit hakupita kwenda popote. Macho yalifunguka, akajua kulamba sahanini, akabwekea kila lori la foleni kana kwamba yeye ndiye forodha. Nyanya alipitisha uzi ndani ya kile kipande cha mrija, akamfunga shingoni, na Malaba nzima ikajua mbwa yule ni wa nyumba gani.

Sasa kibanda hakipo, barabara imekimeza. Kwenye vikao vingi vya ajono utaona wazee wananyonya kwa vipira vya plastiki badala ya mirija. Transit alituaga akiwa mzee, na tulipotaka kumvua mrija kabla ya kumzika migombani, nyanya alikataa. "Ni yake," alisema. Miaka michache baadaye tulimzika nyanya pia, na bado namkumbuka kila ninaponusa chapati.

Nilimsimulia mpwa wangu yote haya, kisha nikaurudisha mrija msumarini, mfupi hivyo hivyo. Akaniuliza, basi kile kipande kingine kiko wapi? Nikamshika mkono, tukaenda nyuma ya nyumba, kwenye migomba.