Hatua Saba Kutoka Kisimani

Miaka ile ya baada ya Azimio la Arusha mimi nilikuwa watu wawili. Wa asubuhi alikuwa msanifu majengo wa serikali katika ofisi ya ujenzi, Tabora, mwenye meza, kiti kilicholegea mguu mmoja, na mihuri miwili: IMEKUBALIWA na IMEKATALIWA. Wa jioni alichora nyumba za watu binafsi chumbani kwake, dirisha likiwa limefungwa, na kisheria hakuwepo. Serikali ilikuwa imemsomesha yule wa kwanza mpaka Nairobi. Huyu wa pili alisoma bure, kwa kukaa karibu.

Mkuu wetu wa kazi alikuwa mhandisi, mtu wa shati la kijani na maneno mengi. Kila Jumatatu alitukusanya uani akatuhutubia. "Mtumishi wa umma anayechorea watu binafsi ni kupe!" alinguruma. "Ananyonya muda wa wananchi!" Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote, kwa sababu nyumbani nilikuwa nimeacha karatasi tatu mezani, wino haujakauka, na mojawapo ilikuwa ya kwake. Alikuwa anajenga mtaa wa Cheyo nyumba ya vyumba sita kwa jina la mama mkwe wake, bibi ambaye hajawahi kukanyaga Tabora maishani mwake.

Sasa sikiliza jinsi kazi yenyewe ilivyokwenda. Kila ramani ya mtu binafsi ililetwa ofisini kwetu ikaguliwe kabla ya kujengwa. Palipotakiwa jina la mchoraji, fundi mwashi wa mwenye nyumba aliweka sahihi yake. Na mkaguzi alikuwa nani? Mimi. Nilikuwa naikagua asubuhi kazi niliyoichora jioni, kwa uso mkavu kabisa, kalamu ya wino mwekundu mkononi. Mkuu alikuwa na sharti moja: ramani ya mtu binafsi lazima irudishwe angalau mara moja. "Ikipita siku ya kwanza," alisema, "watu watasema tumekula."

Kutafuta makosa katika kazi yangu mwenyewe kulinichosha na, niseme ukweli, kulinikera, maana nilijiona hodari. Basi nikaanza kuyaweka mwenyewe. Jiko lisilo na dirisha. Mlango unaogonga mlango mwenzake. Shimo la choo karibu mno na kisima. Nakala sahihi niliificha sandukuni, na mwenye nyumba akishapata barua ya kukataliwa nilimpelekea. Wateja sikuwaambia siri hiyo. Niliwaambia tu wasijenge mpaka waione barua. Ramani ya mama mkwe peke yake ndiyo iliyopita siku ileile, tena kabla ya chai.

Mwaka mmoja alinijia mjane wa ukoo wa Waarabu wa pale mjini, wafanyabiashara tangu enzi za misafara. Alikuwa na nyumba ya zamani nyuma ya soko, na uani kisima alichokionea fahari kuliko dhahabu zake. Alisema wapagazi waliokuwa wanaelekea Ujiji walikunywa maji pale. Sijui kama ni kweli. Ninachojua ni kwamba kiangazi, bomba la mtaa lilipokauka, mtaa mzima ulichota kwake, na hakumtoza mtu. Mgeni hakai kwake bila kupewa bilauri ya maji ya kisima hicho kwanza. Kahawa ilifuata baadaye. Alitaka vyumba vitatu vya nyuma na choo kipya.

Nilichora vizuri. Kisha, kwa uvivu wa kawaida, nikaliweka shimo la choo hatua saba kutoka kisimani. Asubuhi yake nilililaani kwa wino mwekundu, nikaandika barua ya kukataa yenye ukali wa kutosha, nikaiweka mezani kwa mkuu aitie sahihi.

Mkuu alikuwa ameshaondoka kwenda Usinge kupanga vijiji, na siku ya pili nikaitwa nimfuate. Tulikaa huko wiki sita tukinyoosha nyumba za watu kwenye mistari. Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha wanavijiji usafi. Nilisimama kisimani na fimbo, nikahesabu hatua kwa sauti, na wao wakahesabu nami mpaka thelathini. "Hapa ndipo choo kinapoanzia," nikawaambia. "Karibu zaidi ya hapa mnakunywa uchafu wenu." Mkulima mmoja mtu mzima akauliza kwa upole, "Na ninyi huko mjini mnapima hivihivi?"

"Zaidi ya hivi, mzee," nikamjibu, na sikuona haya hata kidogo.

Niliporudi, barua yangu ilikuwa palepale mezani kwa mkuu, na mtu alikuwa ameifanya ya kuwekea kikombe. Nikachukua nakala sahihi sandukuni, nikaenda kwa mjane jioni ileile.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu. Umepotea! Njoo uone kazi yako."

Kumbe kibali chake cha saruji kilikuwa kimetoka, na saruji haingojei barua. Vyumba vilikuwa vimesimama hadi kwenye kenchi. Choo kilikuwa kimekwisha, kimepakwa chokaa, na mlango wake ulitazamana na kisima.

"Yule fundi ni mbishi," alisema huku akinitekea maji. "Alitaka kulisogeza shimo kule kwenye mpapai. Nikamkatalia. Nikamwambia, aliyechora amesoma, wewe umesoma wapi? Fuata mstari."

Akanipa bilauri. Niliishika. "Choo mmeshaanza kukitumia?" nikauliza.

"Mwezi sasa. Kunywa, mwanangu."

Sikuweza. Niliipandisha bilauri mpaka mdomoni nikairudisha. Alinitazama, akayatazama maji, akakitazama choo. Hakuwa mtu wa kuelezwa mara mbili.

"Ulikosea?" aliuliza.

Ningesema ndiyo angenisamehe palepale. "Sikukosea, Bibi. Nililiweka makusudi." Nikamweleza yote: mihuri, sharti la mkuu, wino mwekundu, barua iliyolala mezani. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kujisikia mpumbavu.

"Kwa hiyo wewe wa jioni ulimtegea wewe wa asubuhi," alisema taratibu, "na mimi ndiye niliyenasa."

Niliiweka bilauri chini.

"Na hawa watoto wa watu wanaochota hapa, walikuwa kazi ya yupi kati yenu?"

Aliinuka, akakifunika kisima kwa ubao na kuweka jiwe juu. Ilikuwa katikati ya kiangazi. Waliokuja na ndoo jioni ile aliwarudisha mwenyewe, na sababu hakuwaambia. Aliniachia mimi aibu yangu nzima, bila kuigawa kwa mtaa. Saruji yake yote ilikuwa imeishia kwenye shimo lile na kuta.

Asubuhi nilimwendea mkuu nikamweleza habari za choo na kisima. Alikasirika sana, kwa niaba ya wananchi. "Mwandikie barua kali huyo kupe aliyechora!"

"Nimwandikie nani, Ndugu Mhandisi?"

"Andika 'kwa mhusika'."

Nilisema nitaandika leo hii, na kwamba ninavyomjua mhusika, atajibu kwa ukamilifu: ataorodhesha ramani zake zote, kuanzia ile ya Cheyo. Mkuu akaanza kutafuta kitu kwenye droo, na hakukipata. Kesho yake lori la ujenzi lilimpelekea mjane saruji. Kwenye mkutano wa hadhara uliofuata mkuu alisifiwa kwa kuwajali wajane, nami nikajikuta napiga makofi. Mikono ilikuwa imezoea.

Fundi alilitapisha shimo la zamani, akamwaga chokaa na kulifukia, kisha akachimba jipya kwenye mpapai, palepale alipotaka tangu mwanzo. Hakuniomba ramani. Kisima kilikaushwa, kikasafishwa, kikaachwa mpaka mvua zikapita, na bwana afya ndiye aliyeruhusu kifunguliwe.

Siku ya kufungua, mjane alituma mtu aniite ofisini, saa za kazi. Nilikuta uani kumejaa watu na ndoo, na hakuna aliyekuwa amegusa maji. Alivuta ndoo ya kwanza mwenyewe, akajaza bilauri, akanipa mbele ya mtaa mzima.

"Kunywa."

Nilikunywa yote, tone la mwisho. Yalikuwa baridi na matamu. Nikamrudishia bilauri, nikidhani yamekwisha.

Aliijaza tena mpaka juu. "Na ya yule wa jioni," alisema.