Kiwiko cha BanaChola

Saa mbili asubuhi, nyuma ya nyumba yake nje kidogo ya mji wa Kasama, BanaChola anaepua sufuria ya uji wa mahindi na kuiweka juu ya mawe. Hana haraka. Anafukuza kuku, anamrushia jirani maneno juu ya ua, anachambua mizizi. Kisha anainama, anagusisha kiwiko cha kushoto kwenye ubavu wa sufuria na kutikisa kichwa.

"Bado. Ukimwaga unga wa mzizi sasa hivi umeuua," anasema.

Anagusa mara ya pili. Mara ya tatu anaguna, anachota unga wa mizizi na kuukoroga. Uji uliokuwa mzito wa kusimamisha mwiko unalegea mbele ya macho, unakuwa majimaji, mtamu. Kesho utakuwa umechachuka kidogo, na huo ndio munkoyo, kinywaji ambacho Kasama haina harusi wala msiba usiokuwa nacho.

Siku hizi anapika wa nyumbani tu. Kuuza unga wake amekatazwa, na aliyemkataza ni chuo kikuu alichokifundisha yeye.

Unga huo ni kazi ya akili yake. Wanawake wengine huponda mizizi na kuitumia siku hiyohiyo. Yeye, tangu alipofiwa na mumewe miaka kumi na tisa iliyopita, alijaribu na kuharibu na kujaribu tena hadi akajua: ianikwe juu ya dari ya jiko siku tisa, isionje jua, kisha itwangwe pamoja na machicha makavu ya munkoyo wa jana. Unga wa namna hiyo hukaa miezi sita bila kupoteza makali.

Alikuwa akiufunga kwenye vifuko na kuuuza sokoni kwa kwacha kumi. Siku ya soko, vifuko arobaini viliisha kabla ya adhuhuri. Ndivyo alivyomsomesha mwanawe Chola, ambaye sasa ni fundi wa magari huko Kitwe. Leo BanaChola anauzia watu nyanya zao, na wanamwachia zile zilizopondeka.

Miaka minane iliyopita alikuja kijana wa chuo, Lombe Kapambwe, na daftari na kipimajoto. Alichuchumaa, akapiga makofi ya salamu kama mtoto aliyelelewa, akaomba afundishwe. Alipima sufuria kila mama huyu aliposema "sasa", mara thelathini. Kipimajoto kilirudia nyuzi zilezile, kikipishana moja au mbili.

"Akawa anacheka peke yake kama mwehu," anakumbuka BanaChola. "Nikamwambia, mwanangu, unachekea kiwiko cha mjane?"

Lombe akapata udaktari wake. Chuo kikapata kampuni. Leo unga huo umo kwenye paketi inayong'aa, uko madukani hadi Lusaka, na nyuma ya paketi pameandikwa kwamba umebuniwa na watafiti wa chuo. Maonyesho yamefanyika, utepe umekatwa, picha zimepigwa. Chuo kinajisifu kwamba kimeutoa utafiti kabatini na kuupeleka sokoni.

Ni jambo jema, utafiti unaofungiwa kabatini haumsaidii mtu. Lakini huu haukuanzia kabatini. Ulitoka sokoni, ukapita kabatini, na uliporudi sokoni ukamfukuza mwenye meza.

Barua ya chuo ilimfikia mwezi Machi. Ilimtaka aache mara moja kutengeneza na kuuza unga "unaoiga bidhaa iliyolindwa kisheria".

"Nimeiga!" anasema, na hapa sauti inampanda. "Nimemwiga nani? Nimeiga mkono wangu?"

Hakubabaika, kwa sababu alikuwa na karatasi. Kabla ya kupima chochote, Lombe alimletea mkataba wa kurasa mbili wenye muhuri wa chuo. Kifungu cha nne kinasema wazi kwamba mtoa maarifa atatambuliwa kwa jina, na hatazuiwa kamwe kutengeneza wala kuuza unga wake. Alivaa kitenge cha kanisani, akaupeleka kwenye ofisi ya ubunifu ya chuo.

Dada wa mapokezi aliusoma, akaomba kitambulisho. Kitambulisho kinasema Felistas Mwango. Mkataba unasema BanaChola.

"Huyu si wewe, mama," akaambiwa.

Hapo ndipo mtu anapotaka kupiga meza. BanaChola ni mama Chola, na tangu Chola azaliwe hakuna anayemwita mama huyu Felistas, isipokuwa nesi anaposoma kadi ya zahanati. Kumtaja mama wa watu kwa jina lake tupu ni kumvua nguo hadharani. Lombe ni mtoto wa Kasama. Aliijaza fomu kwa adabu aliyofundwa, na chuo kimeigeuza adabu hiyo kuwa kitanzi.

"Ningemuulizaje jina mama wa umri ule?" anasema Dkt. Lombe, ambaye sasa ni mtaalamu wa kampuni hiyo ya chuo. "Mama yangu angesikia angenizaba kofi. Wala halikunijia akilini. Niliandika jina lake. Lile ndilo jina lake."

Ameshaiandikia ofisi kwamba BanaChola wa mkataba ndiye huyuhuyu. Ofisi ikamjibu kwamba ana maslahi katika kampuni, kwa hiyo neno lake halitoshi. Lilipohitajika kuanzisha kiwanda kizima, neno lake lilitosha vizuri tu.

Ofisa mmoja wa ofisi hiyo, aliyeomba asitajwe, alisema utaratibu ni utaratibu: mjini humu wako akina BanaChola wengi, na yeyote kati yao angeweza kujitokeza.

BanaChola aliposomewa maneno hayo alicheka hadi akakaa chini. "Waje! Waje wote na viwiko vyao. Tuweke sufuria katikati."

"Au labda chuo kiliandikiana na Chola mwenyewe," akadakia jirani yake, BanaKasonde, kutoka upande wa pili wa ua. "Yule asiyejua hata kuchemsha chai!"

"Wewe nyamaza. Chai mwanangu anaijua. Anaisahau tu motoni."

Mwezi Mei alikwenda ofisi ya vitambulisho kuomba jina lake liongezwe kwenye kadi. Alipanga foleni asubuhi nzima. Karani, kijana wa mtaa wa pili, aliisoma fomu, akamrudishia kwa mikono miwili huku amepiga goti kidogo.

"Samahani sana, BanaChola," akamwambia. "Hilo si jina."

"Nilitoka nje nikasimama," anasema BanaChola. "Nikajiuliza, sasa huyu mtoto amesema na nani?"

Alhamisi ijayo kamati ya ubunifu ya chuo itaketi hapa Kasama kusikiliza pingamizi lake. Ikimkatalia, katazo litakuwa la kudumu, na unga alioubuni hatauuza tena maisha yake yote. Mwenyekiti ni profesa mzaliwa wa Mungwi, hapo jirani tu.

BanaChola hana wakili. Atakwenda na mkataba wake, kifuko kimoja cha unga, na BanaKasonde. Dkt. Lombe ameahidi kuwepo, kama bosi wake atamruhusu.

"Akija, karibu. Asipokuja, nitajua ana bosi."

Anaifunika sufuria kwa sinia na kujifuta kiwiko kwa upindo wa kitenge. Swali lililompata nje ya ofisi ya vitambulisho limempa mpango, naye anaueleza polepole.

"Nitakaa kwenye benchi nje, nisubiri kuitwa. Wakiita Felistas, sisimami, simjui. Lakini hawataita hivyo. Nawajua, wamelelewa hapahapa. Yule profesa atafungua mlango mwenyewe, ainame kidogo, aseme, 'BanaChola, karibuni ndani.' Mbele ya kamati yake yote."

Anatabasamu.

"Hapo nitamwambia: haya, mwanangu, kalamu unayo. Liandike hivyohivyo ulivyoliita."