Aliyetumia Akaunti ya Nabwile

Nabwile alikuwa karani wa chama cha wakulima wa mbegu mjini Kitale. Kila aliporudi kutoka chakula cha mchana, kompyuta ilionyesha kwamba akaunti yake ilitumika dakika mbili tatu tu kabla hajaingia ofisini, kana kwamba mtu alisikia viatu vyake ngazini akaondoka upesi kitini pake.

Saa hiyo ofisini alibaki Chelagat peke yake, mwenzake kazini kwa miaka sita. Nabwile alibadilisha neno la siri mara mbili, akaacha hata kumwachia ufunguo wa kabati. Haikusaidia. Mwishowe alimpigia simu Wakoli, fundi wa Bungoma aliyeunda mfumo wa kompyuta wa chama.

"Ukienda kula, unatoka kwenye akaunti ama unazima skrini tu?" Wakoli aliuliza.

"Nazima skrini."

"Basi ukurasa unabaki wazi, na kila dakika tano unatafuta habari mpya wenyewe. Mfumo unahesabu hiyo ni kutumika."

"Nani alisema ihesabiwe?"

"Maagizo yalisema nionyeshe saa akaunti ilipotumika mwisho. Hayakusema ni mtu ama ni mashine. Niliamua mwenyewe."

Kesho yake Nabwile alitoka kwenye akaunti kabla ya kula. Alipoingia tena, aliona saa ile ile aliyotoka yeye.

"Chelagat, nilikushuku bure," alisema. "Nisamehe."

"Nilijua," Chelagat akajibu. "Si ulikuwa unafunika kibodi na mkono nikipita?"

Alimsamehe, lakini ilipita wiki nzima kabla hawajanywa chai ya asubuhi pamoja tena.