Sampu ya Gari la Boma

Zama za Mwingereza nilikuwa karani wa Boma pale Kilindoni, na kazi yangu kubwa, nikisema kweli, ilikuwa kujua Kiingereza. Kupiga taipu na kugonga mihuri kulikuwa nyongeza tu. Nilivaa soksi ndefu za kufika magotini katika kisiwa ambacho watu walitembea peku kwa raha zao, na nikipita sokoni nilipenda kudondosha neno moja moja la Kizungu, hata kwa muuza samaki. Yeye alikuwa akinijibu kwa kunichagulia samaki wa jana.

Mkubwa wangu, Bwana Shauri, kama alivyoitwa mkuu wa wilaya zama hizo, alikuwa Mwingereza mrefu mwenye masharubu mekundu na bidii ya kuandika. Katika taarifa yake ya mwaka alikuwa ameandika kwamba barabara ya kwenda Bweni inapitika kwa gari wakati wote. Bweni alikuwa amefika mara moja tu, kwa mashua. Lakini sentensi ilikaa vizuri, na mimi mwenyewe niliipiga taipu nikaisifu.

Bahati mbaya taarifa hiyo ilisomwa. Mkubwa wa Jimbo alijibu kwamba Alhamisi atakuja kwa ndege, na angefurahi kupelekwa kwa gari kupitia barabara hiyo nzuri mpaka kwenye mnara wa taa wa huko Bweni. Bwana Shauri akasoma barua ile mara mbili, akatoka kwenda kutazama pikapu la serikali.

Lilikuwa gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne, mojawapo ya magari machache kisiwani, na lililoogopwa kuliko yote. Jumatatu asubuhi tukaondoka nalo kwenda kuijaribu barabara, yeye akiendesha mwenyewe kwa sababu hakumwamini mtu, mimi pembeni na daftari la kuandikia maoni yake. Tulivuka Miburani salama. Mbele kidogo tukakuta dimbwi la maji. Bwana Shauri hakutaka kuchafua gari ambalo mgeni atalipanda, kwa hiyo akaliacha dimbwi barabarani, akapita kwenye majani. Ndani ya majani kulikuwa na kisiki cha mnazi.

Sikusikia kishindo kikubwa. Ilikuwa sauti kama ya mtu aliyekanyaga debe. Niliteremka nikachungulia, nikaona oili nyeusi inachuruzika juu ya majani.

"Ni nini?" aliuliza.

"Kisiki, Bwana."

"Andika: jiwe."

Nikaandika. Akafikiri kidogo.

"Jiwe barabarani si jambo jema. Futa. Andika: gari lilikuwa na ubovu wake tangu zamani."

Watu wa Miburani waliokuwa wanatoka mashambani walituvuta kwa kamba ya makumbi mpaka Boma. Walivuta kwa kuitikiana, kama wanavyopandisha chombo pwani, na Bwana Shauri alishika usukani huku akipunga mkono kwa kila aliyesimama kutazama. Waliosimama walikuwa wengi.

Fundi alikuwa mmoja tu. Alikuwa mtu wa makamo, mzaliwa wa hapo hapo, aliyetengeneza cherehani, karabai na chochote chenye skrubu. Injini alijifunzia vitani Bama, akitengeneza malori ya jeshi huku yanapigwa mabomu. Nyumbani kisiwani ujuzi huo haukuwa na cheti, kwa hiyo kwa mujibu wa majalada yetu alikuwa kibarua.

Alilala chini ya gari, akatoka akijipangusa.

"Sampu imetoboka," alisema. Sampu ni lile karai la chuma chini ya injini ambamo oili hukaa. "Lazima ishuke, izibwe, irudi. Lakini kwa gari hili haishuki hivi hivi."

"Itashuka kwa kufuata kitabu," alisema Bwana Shauri.

Kitabu cha matengenezo ya gari kilikuwa kimefungiwa kwenye kabati la chuma ili kisichafuke, na mimi ndiye niliyekipokea kwa sahihi yangu. Jumanne asubuhi nilisimama kando ya gari na soksi zangu, nikawa nasoma kwanza kwa Kiingereza, kwa sauti ya juu, ili wafungwa waliokuwa wakifyeka majani ya Boma wasikie, halafu ndipo nikatafsiri.

"Hatua ya kwanza. Weka gari mahali tambarare."

"Limeshawekwa," ilitoka sauti ya fundi chini ya gari.

"Hatua ya pili. Fungua nati ya kumwagia oili, uikinge oili kwa chombo safi."

"Oili iko Miburani, mwanangu. Endelea."

Nikaendelea. Alifungua nati za sampu moja baada ya nyingine, akazipanga kwenye kifuu cha nazi. Nikafika hatua ya sita.

"Teremsha sampu, uitoe kwa mbele."

Chini ya gari spana iligonga chuma mara mbili.

"Soma tena," alisema fundi.

Nikasoma tena.

"Iteremke iende wapi? Chini yake kuna difu ya mbele, bonge la gia za kuzungusha magurudumu, na ekseli yake imekatiza. Sampu inashuka vidole viwili, inakaa juu ya difu kama kuku anayeatamia. Lazima injini yenyewe ipandishwe."

Nilimtafsiria Bwana Shauri ingawa Kiswahili alikijua. Alipendelea mambo mazito yamfikie kwa Kiingereza.

"Mwambie kitabu hiki kimechapwa Uingereza."

"Na difu pia imetoka huko," alijibu fundi kabla sijafungua mdomo.

Bwana Shauri akaamuru tuanze upya tangu hatua ya kwanza, kwa uangalifu zaidi. Fundi akazirudisha nati zote, akazifungua tena. Sampu ikashuka vidole viwili ikakaa juu ya difu. Tukaanza mara ya tatu. Wafungwa walikuwa wameacha kufyeka, na askari wao hakuwakataza, maana naye alikuwa anatazama.

Adhuhuri fundi alikwenda msikitini, Bwana Shauri akaenda kula, nami nikabaki na kitabu. Kwa kukosa la kufanya nilifungua kurasa za mwanzo, zile ambazo huwa sisomi kwa sababu hazina hatua. Hapo, kwa herufi ndogo, paliandikwa kwamba kitabu hiki ni cha gari zinazovuta kwa magurudumu ya nyuma tu, na kwamba gari za kuvuta kwa magurudumu manne zina kitabu chao.

Nilihisi jasho likinishuka ndani ya soksi. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimetia sahihi kwamba kitabu nimekikagua na ndicho cha gari hili. Asubuhi nzima nilikuwa nimemsomea mtu mzima aliyelala mchangani maneno ya gari jingine, tena kwa madaha. Jambo la haki lilikuwa kusema. Nikakifunga kitabu, nikatafuta jambo jingine.

Waliporudi nilisema, "Bwana, nimeona ukurasa ambao niliuruka. Unasema kwamba kwenye visiwa fundi atumie akili yake mwenyewe."

"Ukurasa wa ngapi?"

"Wa mwisho, Bwana."

Uso wake ulikunjuka kwa faraja. "Nilijua tu," alisema. "Hawawezi kusahau jambo kama hilo."

Fundi alinitazama, akainamisha kichwa, akarudi kazini.

Sasa kazi ilienda. Aliazima kapi mbili na kamba kutoka kwenye chombo kilichokuwa kinatengenezwa pwani, akasimamisha boriti tatu za mkoko juu ya gari, akazifunga vichwa. Alifungua mipira ya maji na bomba la moshi, akalegeza miguu inayoishikilia injini. Kisha sisi wote, pamoja na wafungwa na askari wao, tukashika kamba. Injini ikapanda shubiri moja, ikaning'inia hapo. Hakuna aliyetusomea chochote.

"Bwana Karani," aliita fundi, "zungusha hendeli ya kuwashia injini, taratibu. Chuma cha ndani kimeizuia sampu, nataka kigeuke juu."

Nilitaka kusema kwamba kazi yangu ni ya kalamu. Nikazungusha. Alipiga kelele nisimame, sampu ikachomoka kwa mbele, ikanimwagia oili iliyobaki, mguu wa kulia wote. Wafungwa walicheka mpaka askari akalazimika kuwakemea, naye alikuwa anacheka.

Ufa ulikuwa mrefu kama kidole gumba. Fundi aliisugua sampu kwa majivu mpaka ikang'aa, akainyoosha kwa nyundo, na Jumatano asubuhi akauziba ufa kwa lehemu juu ya moto wa makaa. Kilichobaki kilikuwa gasketi, ule ukanda unaokaa kati ya sampu na injini kuzuia oili isivuje. Ya zamani ilikuwa imekatika vipande vipande. Kuagiza mpya Dar es Salaam kulihitaji fomu ya nakala tatu na miezi ambayo sikuwahi kuijua mwisho wake.

"Nipe karatasi ngumu," alisema fundi. "Nene, isiyo na mikunjo."

Kisiwa kizima kilikuwa na karatasi ngumu ya aina moja tu: majalada ya serikali. Nikasema haiwezekani, jalada la serikali haliharibiwi bila kibali cha maandishi. Bwana Shauri, ambaye alikuwa anatazama saa yake na kalenda kwa zamu, alisema atakiandika kibali mara moja.

"Jalada gani, Bwana?"

Tukayapekua. Kila jalada lilikuwa na mambo yake mazito: kodi, mbata, mbwa wasio na leseni. Mwishoni tukapata jalada lenye anwani "Malalamiko ya Watu wa Chole." Lilikuwa jipya kabisa na tupu. Lilifunguliwa miaka mitatu nyuma, lakini watu wa Chole, kisiwa kidogo cha jirani, hawakuwahi kuambiwa kwamba lipo.

"Hawana malalamiko," alisema Bwana Shauri kwa kuridhika, akatia sahihi kibali: litumike kwa muda.

Fundi alililaza jalada juu ya sampu, akaligonga pembeni pote kwa nyundo ndogo mpaka likajikata lenyewe kwa umbo sawasawa, pamoja na matundu yote ya nati. Akaliloweka kwenye oili. Oili ya stoo ilikuwa haitoshi, na Bwana Shauri akapendekeza tuongeze ya nazi, maana kisiwani imejaa tele.

"Bwana," alisema fundi kwa adabu kubwa, "tunapika injini au maandazi?"

Oili iliyopungua tuliazima kwa tajiri mmoja mwenye lori la mbata. Baada ya alasiri gari liliwaka. Fundi alitandika karatasi nyeupe chini yake, akachuchumaa akiitazama hadi injini ikapata moto. Halikudondoka tone.

Alhamisi ndege ikatua. Mkubwa wa Jimbo aliteremka akiwa kijani usoni, akashika bawa, akavuta pumzi. Aliuliza Bweni ni mwendo gani. Alipoambiwa, aliomba chai. Alikunywa vikombe viwili kivulini, akauliza kama mnara wa taa unawaka, akaambiwa unawaka, akasema vizuri sana, akaondoka. Gari halikusogea hata hatua moja.

Wiki iliyofuata Bwana Shauri aliniamuru kupiga taipu taarifa ya matengenezo. Ilikuwa na mistari minne. Ilisema sampu ilitolewa na kuzibwa chini ya usimamizi wake binafsi, kwa msaada wa wenyeji.

Fundi alikuwa amesikia kwamba kuna karatasi. Akaja ofisini, akasimama mlangoni, akaniomba nimsomee. Nilifunua nakala, nikaanza kutafsiri. Nikasema Serikali inamshukuru fundi kwa ustadi wake, ambaye bila yeye gari lisingetembea tena, aliyeinua injini kwa kapi za chombo na kukata gasketi kwa jicho lake, na kwamba fundi wa namna hii haonekani kila mahali.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo karatasi ina mistari minne," alisema. "Nimeihesabu. Na wewe umesoma kama hotuba ya Ijumaa."

Nikamsomea ile mistari minne kama ilivyo.

"Wenyeji," alisema, akilionja lile neno. "Kumbe nilikuwa wengi."

Nilimwomba radhi. Nikamweleza na habari ya kitabu. Alisema alijua tangu Jumanne. Hakuna kitabu, alisema, kinachosahau difu nzima.

"Yale uliyosema mwanzo ni mazuri," aliongeza. "Yaandike kwa Kiswahili, uniwekee."

Niliingiza karatasi ya serikali kwenye mashine, nikayapiga yote, sikupunguza neno. Kisha nikachukua muhuri wa Boma, ambao sikuwa na ruhusa ya kuugonga bila sahihi ya mkubwa, nikaugonga chini kabisa. Fundi aliupuliza wino ukakauka, akaikunja karatasi mara nne, akaitia ndani ya kofia yake, akashika njia. Kulikuwa na cherehani ya mtu inamngoja.