Mikono Asiyoiona Mwenyekiti

Jumapili iliyopita, katika ukumbi mmoja wa mtaa wa Kilburn, huku ughaibuni, chama chetu cha kuzikana kilichagua mwenyekiti. Miaka yote cheo hicho kina mzee mmoja: anayemtaka husimama, na wote husimama, kwa sababu ndiye aliyewatafutia wengi wetu kazi kwenye maghala ya Hayes, na ndiye anayetupangia zamu. Safari hii alipata mpinzani, muuguzi kutoka Mombasa.

“Haya, wanaonitaka wasimame,” mzee alisema, akitutazama mmoja mmoja.

Viti vilianza kukwaruza sakafu. Ndipo mpwa wake, msichana anayesoma historia chuoni, akanyoosha mkono.

“Mjomba, zamani huko Marekani, sehemu nyingine mtu alipiga kura kwa kutaja jina kwa sauti, na mwenye shamba analolima yuko pale pale anamsikia. Kura ya siri ilichelewa sana kuwafikia wanyonge.”

“Kwani mimi nina shamba?”

“Una zamu za Hayes,” muuguzi akadakia.

Ukumbi mzima ulicheka. Mzee akavua kofia.

“Basi fumbeni macho, na mimi nafumba. Wanaonitaka wanyooshe mkono, kisha wanaomtaka muuguzi. Wewe mtoto, hesabu mikono.”

Alishinda, lakini kwa mikono michache tu. Alikaa, akajifuta uso kwa ile kofia.

“Ahsanteni,” alisema. “Miaka yote mlikuwa mnasimama. Leo ndiyo mmenichagua.”

Mimi nilimpa muuguzi kura yangu, na bado nilipiga makofi kuliko wote. Sasa kura hiyo nimeitangaza hapa gazetini, na kesho asubuhi nina zamu Hayes. Hata hivyo, nitalala usingizi mzuri.